Imba bila kubana koo: mwongozo kwa wanakwaya na walimu wao

Kuna jambo tumelizoea kwenye kwaya zetu mpaka tunaliona la kawaida. Jumapili mmeimba ibada mbili, Jumatatu asubuhi nusu ya sauti ya kwanza wanaongea kwa mkwaruzo, na mtu anajisifia kabisa eti "jana tulipiga kazi, hapa nilipo sina sauti". Si kawaida jamani. Sauti ikikwaruza baada ya kuimba maana yake kuna sehemu imevimba huko kooni, na ukirudia hivo kila wiki kwa miaka inafika siku uvimbe hauondoki tena. Waimbaji wengi wenye matatizo niliokaa nao, shida yao ni ile ile moja, wanasukuma sauti kwa koo. Na wanasukuma kwa sababu sisi walimu ndo tunawaambia: "toeni sauti!", "hamsikiki!", "nyie mmekula kweli leo?" Hapa nataka nieleze kwa nini kusukuma hakusaidii hata kidogo na ufanye nini badala yake, na nitaanza na koo lenyewe, maana mtu asiyejua mle ndani kuna nini ataendelea kuamini kwamba mayai mabichi yanalainisha sauti.

Mle kooni kuna nini

Weka kidole mbele ya shingo, pale kwenye kile kifundo kinachoonekana zaidi kwa wanaume, afu meza mate. Umesikia kimepanda kikashuka? Hilo ndo zoloto, kijisanduku cha gegedu kilichokaa juu ya bomba la hewa. Ndani yake zimelala nyuzi za sauti, mbili, kutoka mbele kwenda nyuma, ukivuta pumzi zinaachana zinafanya herufi V na ukitaka kutoa sauti zinakutana katikati. Ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kwa mwanamke ni sentimita moja na kitu hivi, mwanaume zinakaribia sentimita mbili. Juu zimefunikwa na ngozi laini yenye ute, chini ya ngozi kuna tabaka laini mno linaloteleza, na ndani zaidi ndo unakuta msuli. Ile ngozi ya juu ndo inayotikisika kwa kasi hewa inapopita, na kasi ndo inaamua noti iko juu au chini. Dada wa sauti ya kwanza akishika ile A ambayo watu wa vyombo wanatunia, nyuzi zake zinakutana na kuachana mara 440 kwa sekunde moja. Akiishika dakika nzima ni mara 26,400. Sasa fikiria mkesha.

Kitu ambacho waimbaji wengi hawajui, na mimi naona ndo msingi wa kila kitu nitakachosema huko chini, ni kwamba zoloto kazi yake ya kwanza si kuimba. Kazi yake ya kwanza ni mlango. Ukimeza tonge, kidakatonge kinafunika kwa juu na nyuzi zinajibana kwa chini ili ugali usiingie mapafuni. Ukinyanyua ndoo ya maji au gunia, jichunguze, utakuta umebana pumzi, mlango umefungwa ili kifua kiwe kigumu na mikono ipate nguvu. Ukikohoa hivyo hivyo, unafunga kwanza afu hewa inalipuka. Yani mwili ukihisi kuna nguvu kubwa inatumika, unafunga koo wenyewe bila kukuuliza. Kwa hiyo mwimbaji anayekaza shingo na tumbo na taya ili noti ya juu itoke, mwili wake unajua tunanyanyua gunia hapa, unatii, unafunga. Hewa nyingi inagonga mlango uliofungwa, nyuzi zinapigana kwa nguvu, ngozi inavimba, na sauti inayotoka pamoja na jasho lote lile ni nyembamba na ya kukwaruza. Afu mwalimu anasema "ongeza!"

Na hii si siri ya madaktari tu. Mtu anayetajwa sana kuwa ndo wa kwanza kuziona nyuzi za mtu mzima aliye hai zikiimba alikuwa mwalimu wa kuimba, Mhispania Manuel García, mwaka 1854 akatumia kioo kidogo cha kukagulia meno na mwanga wa jua akajitazama koo lake mwenyewe, mwaka uliofuata taarifa yake ikasomwa kwenye Royal Society kule London. Alizaliwa 1805 akafa 1906, so hesabu mwenyewe miaka yake.

Pumzi, na ule msemo wa "imba kwa tumbo"

Tumboni hakuna hewa, kuna chakula. Hewa iko mapafuni, na chini ya mapafu kuna diaframu, msuli mpana uliotenganisha kifua na tumbo. Ukivuta pumzi diaframu inajikaza inashuka, inasukuma vilivyoko tumboni, ndo maana tumbo linatoka mbele na mbavu za chini zinafunguka pembeni. Angalia vizuri hapo: diaframu inafanya kazi wakati wa kuvuta hewa ndani, sio kutoa. Ukianza kuimba yenyewe inalegea na kupanda taratibu. Kwa hiyo mwalimu akisema "sukuma na diaframu!" anaagiza kitu ambacho msuli ule hauwezi, na kwaya inachofanya ni kukaza tumbo kwa ghafla, na tumeshaona mwili ukikazwa ghafla koo linafanya nini.

Kinachotakiwa ni kinyume kabisa, ni kuchelewesha. Mapafu yakijaa hewa yanataka kusinyaa yenyewe, mbavu zinataka kurudi, wewe kazi yako ni kuziambia bado. Lala chali kwenye mkeka, weka kitabu cha nyimbo juu ya tumbo, pumua kawaida uone kinavyopanda na kushuka bila mabega kuhusika. Ukishaielewa hiyo, simama, shika mbavu za chini pande zote mbili, vidole gumba nyuma, vuta pumzi kimya kimya (ukisikia hewa inapiga kelele ikiingia basi koo limeshabanwa hata kabla hujaanza), afu toa "ssssss" moja ndefu iliyo sawa sawa mwanzo mpaka mwisho huku mbavu zikibaki wazi kadiri unavyoweza. Anza na sekunde 15. Ukiona imekuwa rahisi nenda 20, nenda 25. Usishindane na jirani nani ana pumzi ndefu, angalia ule mlio haukatiki wala hautetemeki, maana mtu mwenye sekunde 40 za mlio unaoyumba hana kitu. Na usijaze mapafu mpaka juu kabisa kwa ajili ya kamstari kafupi, hewa ikizidi inadai kutoka na koo ndo linapewa kazi ya kuizuia. Vuta ya kutosha sentensi unayoenda kuimba, basi.

Ukimaliza badilisha "sss" iwe "zzz". Tofauti ya hizo mbili ni nyuzi za sauti tu, pumzi ni ile ile. Ukiona kwenye "zzz" unaishiwa haraka sana kuliko "sss", hewa inavuja, nyuzi hazikutani vizuri. Mtu mwenye tofauti kubwa kila siku, na sauti yake ina upepo upepo, huyo nitamrudia kule mwisho kwenye habari za daktari.

Unavyoianza noti

Hapa walimu wengi hatupagusi kabisa na ndo panapoumiza. Nyimbo zetu zimejaa maneno yanayoanza na irabu: aleluya, amina, imbeni, ee Bwana, asante. Mwanakwaya mwenye bidii analianza neno kwa kulipiga, nyuzi zimefungwa kwanza, hewa inajaa chini yake, afu inapasua. Unasikia kabisa kama kikohozi kidogo kabla ya "a". Ukifanya mara moja kwa ajili ya msisitizo hakuna shida, ila "aleluya" thelathini za kiitikio, zote za kupasua, hapo umezichapa nyuzi.

Dawa yake ni rahisi. Imba "haleluya" na h laini, mara kadhaa, ukisikia hewa imetangulia kidogo na sauti imepanda juu yake. Afu ifikirie ile h bila kuitamka. Noti inaanza safi haina kishindo. Usibaki na h yenyewe lakini, kuna kwaya zikifundishwa hivi zinaishia "hamina" mpaka mchungaji anashangaa.

Kupasha sauti moto

Sioni kwa nini kwaya ianze mazoezi kwa kuimba wimbo mgumu kuliko yote eti ndo wa kupasha. Dakika kumi zinatosha na hazihitaji kinanda.

Anza na midomo, ile "brrrrr" ya kutikisa midomo, kwenye noti ya katikati, teleza juu kidogo, rudi chini. Wasioweza watumie mrija. Mrija wa juisi wa kawaida, weka mdomoni, funga midomo vizuri hewa isitoke pembeni wala puani, afu imba wimbo wowote kwa kupitia huo mrija, sauti itatoka "uuu" ndogo tu. Unaweza kuutumbukiza kwenye chupa ya maji nusu, sentimita mbili tatu chini ya maji, uimbe huku maji yanatoa mapovu, watoto wanaipenda hiyo balaa. Sababu ya kufanya kazi ni kwamba njia ya kutokea ikiwa nyembamba, hewa inarudisha mgandamizo kidogo nyuma juu ya nyuzi, kwa hiyo zinatikisika vizuri bila kugongana kwa nguvu. Mwanasayansi wa sauti wa Marekani, Ingo Titze, ndo ameieneza sana habari ya mrija, na siku hizi wataalamu wa tiba ya sauti wanawapa wagonjwa zoezi hilo hilo. Bei yake ni mrija mmoja. Kama kuna kitu kimoja utachukua kwenye maelezo yote haya chukua hiki, na ukifanya hata dakika tatu baada ya kuimba sauti inatulia pia.

Afu nenda kwenye "ng'", ile ya ng'ombe. Ishike ng' yenyewe kwenye noti ya raha, utahisi mtetemo puani na usoni. Sasa ifungue polepole iwe "ng'aaa" bila kubadilisha kitu kingine chochote, ulimi tu ushuke na kaakaa laini la nyuma lipande. Ng' isiyo na g nyuma yake, kwetu hata mtoto wa chekechea anayo. Tumia na "mmm" ya mtu, mbwa, mbingu. Shuka noti moja moja kutoka do ya juu kurudi chini, kushuka ni salama kuliko kupanda kwa mtu ambaye bado yuko baridi, afu baadaye ndo upande.

Ukubwa wa sauti unatoka wapi kama si kusukuma?

Unatoka kwenye nafasi. Nyuzi zenyewe zikikutana zinatoa kitu kama mlio wa nyuki tu, kinachoufanya uwe sauti yako ni uwazi ulioko juu yake: koo, mdomo, pua kidogo. Ukibadilisha umbo la huo uwazi umebadilisha sauti, na kuna sehemu ya masafa ambayo sikio la binadamu linaisikia kwa wepesi zaidi. Johan Sundberg wa Uswidi kwenye miaka ya 1970 alionyesha kwamba waimbaji wa opera, hasa wanaume, wanakusanya nguvu ya sauti yao karibu na hetsi 3,000 (mitikisiko 3,000 kwa sekunde), mahali ambapo okestra haina nguvu nyingi, ndo maana mtu mmoja bila maiki anasikika juu ya vyombo zaidi ya hamsini. Hapigi kelele kuliko tarumbeta, hawezi. Amekaa mahali tarumbeta haijakaa.

Wewe wa kwaya ya mtaani huhitaji kuimba kiopera, na sidhani wimbo wa Injili wa kwetu unapendeza ukiimbwa hivyo, ila kanuni ni ile ile. Taya lishuke, sio kwa nguvu, liachie tu kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Ulimi ncha yake iguse meno ya chini, maana ulimi ukirudi nyuma unakaa juu ya zoloto na kulisukuma. Kanda ile sehemu laini chini ya kidevu kwa kidole gumba huku unaimba, ikiwa ngumu kama jiwe ulimi umekazwa. Kaakaa laini linapanda ukianza kupiga mwayo, ule mwanzo wa mwayo tu, ukimaliza mwayo wote sauti inakuwa ya kizee imemezwa.

Irabu zetu tano ni bahati kubwa kwa mwimbaji, silabi karibu zote zinaishia kwenye irabu iliyo wazi na ukiishika irabu umeishika noti. Shida inakuja juu. "i" na "u" zikiimbwa juu sana na mdomo mwembamba koo linabana, kwa hiyo kadiri unavyopanda fungua, "i" isogee kidogo kuelekea "e", "u" kuelekea "o". Msikilizaji hataona tofauti, bado atasikia "imba" na "Mungu". Ukibaki na "i" ya chini kule juu utasikika unalia. Na usikae kwenye m na n, kuna waimbaji wanafunga "amen" kabla ya beti kuisha wote tunabaki tunasikia nnnnn.

Noti za juu na kugawa sauti

Kuna msuli ndani ya nyuzi unaozifanya fupi na nene, na kuna mwingine mbele ya zoloto unaolipindisha gegedu ili nyuzi zivutike ziwe ndefu na nyembamba. Sauti ya kifua ni kazi kubwa ya ule wa kwanza, sauti ya kichwa ni ya ule wa pili, na kwenye mpaka kati ya mbili ndo sauti inakatika au inapiga kwikwi. Kukatika si ugonjwa, ni gia zinabadilishana. Kinachoumiza ni kukataa kubadilisha, unachukua sauti nene ya kifua unaipandisha kwa mabavu mpaka inapofika ukuta. Akina dada wengi wa Injili wanafanya hivyo kwa sababu ndo sauti inayoonekana ina upako, na wapo wanaoweza kuipandisha kwa kuichanganya taratibu na ya kichwa, ila anayeiga kwa kusukuma atadumu miaka michache. Fanya king'ora: "uuu" nyepesi, ndogo, kutoka chini mpaka juu na kurudi, bila kuongeza nguvu unapofika pale pa kukatika, bali upunguze. Mtu mzima mwenye sauti nzito ataona aibu, mwambie afanye hivyo hivyo.

Sasa walimu wenzangu. Sauti ya tatu imepungukiwa watu, tunafanya nini? Tunamvuta kijana wa besi tunamwambia "wewe jaribu tu", tunamshusha dada wa sauti ya pili aende tatu. Mtu akiweza kuigusa noti haina maana anaweza kuishi pale saa mbili. Usimpange mtu kwa noti ya mwisho aliyoifikia, sikiliza anakoongea, sikiliza mahali sauti inapokatika, na uone ni eneo gani anaimba beti tatu bila shingo kutoka mishipa. Na kama wimbo uko juu kwa kwaya nzima, shusha ki (key ya wimbo). Kinanda kina kitufe cha transpozi, kibonyeze, Mungu anausikia hata kwenye noti mbili chini.

Wavulana wa miaka 12 mpaka 15 hivi ni habari ya peke yake. Zoloto linakua ghafla, nyuzi zinarefuka, sauti inashuka karibu oktavu nzima (kutoka do mpaka do ya chini) na katikati hapo mtoto hajui kesho ataamka na sauti ipi. Asifukuzwe kwaya na asilazimishwe besi. Mpe mstari mfupi ulioko katikati, abadilishe kila mwezi ikibidi. Wasichana nao inabadilika, inashuka noti chache na inakuwa na upepo kwa muda, tunawaambia wavivu kumbe ni umri.

Spika, mikesha

Mwaka 1911 daktari wa Kifaransa Étienne Lombard alichapisha jambo ambalo kila mwanakwaya analijua bila kujua jina lake: mtu akiwa kwenye kelele anapandisha sauti yake mwenyewe bila kukusudia. Ukiwa mbele ya spika kubwa, dramu nyuma, besi gitaa imefunguliwa yote, hujisikii, basi unasukuma, na wenzako hivyo hivyo, baada ya nusu saa kwaya nzima inapiga kelele na fundi mitambo anaongeza vyombo kwa sababu kwaya imezidi. Huwezi kushinda hiyo vita kwa koo. Mwambie fundi ashushe vyombo kwanza kabla ya kupandisha maiki, geuzeni monita moja (ile spika ya kujisikia) iwaangalie waimbaji, kaeni nyuma ya mstari wa spika kubwa na sio mbele yake. Kama monita hamna, kidole kimoja sikioni kinasaidia kujisikia. Jifunze pia kutegemea unavyohisi na sio unavyosikia, kama koo limetulia na mtetemo uko usoni basi sauti iko sawa hata kama huisikii.

Kwenye mkesha gaweni nyimbo. Haina haja watu wote waimbe saa tano mfululizo. Siku ya mazoezi ya kupanga hatua na kucheza, imbeni nusu sauti, oktavu chini kwa zile za juu, sauti muihifadhi ya Jumapili. Na katikati ya vipindi msipige stori kwa kelele juu ya mziki, watu wanaharibika zaidi kwenye stori kuliko kwenye wimbo wenyewe.

Mayai mabichi, tangawizi na ndugu zao

Kitu unachomeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti. Kikipita utapaliwa. Kinaenda kwenye umio, nyuma, ule mlango umeshafungwa. Kwa hiyo yai bichi halilainishi nyuzi, haliwezi kuzifikia, ila linaweza kukupa salmonela ukaharisha siku ya tamasha. Tangawizi na asali zinatuliza koo la juu, ni tamu, kunywa, hakuna ubaya, ila zisikudanganye kwamba nyuzi zimepona. Pipi kali za mentholi ndo sizipendi, zinakupa ubaridi unaoficha maumivu na unaendelea kuimba juu ya kidonda. Ndimu na chumvi sijui nani alianzisha.

Maji nayo hayagusi nyuzi, yanafika kwa kuzunguka kwenye damu, inachukua masaa, kwa hiyo chupa unayoigugumia dakika tano kabla ya kupanda jukwaani ni ya mdomo tu. Kunywa tangu asubuhi, mkojo ukiwa mweupe umefika. Kinachozigusa nyuzi moja kwa moja ni mvuke, kwa hiyo kujifukiza kwa maji ya moto matupu, dakika tano kumi, kunasaidia kweli. Maji matupu nimesema, sio na vicks na majani yote ya bustanini, na kaa mbali usiungue.

Wali na nyama saa sita usiku baada ya mkesha afu moja kwa moja kitandani, hapo asidi inapanda wakati umelala inaunguza nyuma ya zoloto. Asubuhi sauti nzito, koo kama lina kitu, unakohoa kohoa kulisafisha, na kila ukilikwaruza nyuzi zinagongana. Acha masaa matatu kati ya kula na kulala. Badala ya kukwaruza koo meza mate au piga funda la maji.

Sigara na moshi wa mkaa unajua. Mtu lazima ataniambia Bi Kidude alivuta sigara na akaimba mpaka uzeeni, alifariki 2013 akiwa bibi kabisa. Ni kweli. Bi Kidude alikuwa mmoja.

Sauti ikishaharibika

Ukikauka sauti kwa mafua au kazi nyingi, nyamaza. Siku mbili tatu za kuongea kidogo tu, kwa upole, na usinong'one kwa nguvu, kunong'ona kule kwa kukaza kunabana koo kama kupiga kelele. Ukiwa katikati ya wimbo sauti ikakatika ghafla, pamoja na maumivu au bila, acha hapo hapo, usimalizie beti. Inawezekana kamshipa kadogo kamepasuka kwenye uzi na damu imeingia chini ya ngozi, ukiendelea kuimba juu yake kovu linabaki. Aspirini usimeze siku hiyo, inafanya damu isigande.

Vinundu ni kitu kingine, vinakuja polepole, pande zote mbili, pale pale nyuzi zinapogongana zaidi. Dalili ni noti za juu laini kupotea kwanza, unaweza kuziimba kwa nguvu lakini kwa upole hazitoki, sauti ina upepo, unachoka mapema. Vikiwa bado laini vinaweza kuondoka kwa kupumzika na kubadilisha unavyoimba na unavyoongea, na mtaalamu wa tiba ya sauti akiwepo ndo vizuri zaidi. Upasuaji si wa kukimbilia. Julie Andrews, yule Mwingereza, alifanyiwa upasuaji wa koo New York mwaka 1997 na sauti yake ya kuimba haikurudi tena ilivyokuwa. Adele alifanyiwa Boston mwaka 2011 akarudi jukwaani, kwa hiyo inategemea kuna nini na nani anafanya.

Kama unaenda kupasuliwa rovu, mwambie daktari mapema kwamba wewe ni mwimbaji. Mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi unapita nyuma tu ya ile tezi, wa kushoto unashuka mpaka kifuani unazunguka mshipa mkuu wa damu ndo unarudi juu, na ukiguswa sauti inabadilika.

Mkwaruzo ukizidi wiki tatu bila mafua ya kuulaumu, au ukiambatana na shida ya kumeza, damu, au uvimbe shingoni, nenda kwa daktari wa pua, koo na masikio. Muhimbili wapo, KCMC Moshi wapo, Bugando Mwanza, Kenyatta kwa walioko Nairobi. Usikubali kuandikiwa antibayotiki ya tatu bila mtu kukuangalia nyuzi zenyewe, omba kamera, na kama wana ile yenye mwanga wa kumweka mweka unaofanya nyuzi zionekane zinatikisika polepole, omba hiyo. Nenda umeandika kwenye karatasi: ilianza lini, noti zipi zimepotea, unaimba mara ngapi kwa wiki, na kama mchana unafundisha darasa la watoto themanini andika hilo nalo, usiliache.